Jamani, --create haifufui RAID

Seva ikifika mezani kwangu, kitu cha kwanza ninachosoma ni historia ya amri, na karibu kila mara nakuta yaleyale: RAID 5 (diski kadhaa zinazofanya kazi kama moja, zikivumilia kufa kwa moja tu) ya diski nne, mbili zimedondoka, mtu kapiga `mdadm --create` (mdadm ndiyo programu ya Linux inayosimamia RAID) kwa diski zilezile, halafu anashangaa faili haziko. "Si nilisoma mtandaoni kwamba inarudisha?"

Hairudishi. `--create` huandika metadata mpya (maelezo ya safu nzima ya diski) juu ya ile ya zamani, na ile ya zamani ndiyo iliyojua mpangilio wa diski, ukubwa wa chanki (kipande cha data kinachowekwa kwenye diski moja kabla ya kuhamia nyingine) na sekta ambayo data inaanzia. Ni sawa na kupaka ukuta chokaa ili usome kilichoandikwa.

Utaniambia mpangilio unaukumbuka. Hongera. Lakini safu yako iliundwa na mdadm ya miaka hiyo, ambayo chanki yake ya kawaida ilikuwa KiB 64. Ya leo inaweka 512. `Data Offset`, yaani ile sekta data inapoanzia, nayo imebadilika toleo hadi toleo. Umepanga diski sawasawa, ila kerneli (kiini cha Linux) inasoma pasipo pake. Tena bila `--assume-clean` (chaguo la kuiambia mdadm isijenge upya chochote), RAID 5 mpya huanza palepale kuijenga upya diski ya mwisho kutokana na zile nyingine. Hayo sasa ni maandishi halisi juu ya data yako. Kisha unamalizia na fsck (inayorekebisha mfumo wa faili), "kuhakikisha tu"!

Mwendo wenyewe ni mfupi. `smartctl` (hukagua afya ya diski) kwanza; diski yenye sekta mbovu, uinakili kwa ddrescue ukitunza faili lake la ramani, linaloonyesha kilichokwisha nakiliwa. Diski mbili zikidondoka kwa pamoja, shuku kebo au pawa saplai kabla ya diski. `mdadm --examine` (husoma metadata) kwa kila moja, matokeo yahifadhi kwenye mashine nyingine. Tengeneza snapshoti za `dmsetup` ili kila kinachoandikwa kiende pembeni, kisha juu ya hizo `--assemble --force` (huunganisha safu iliyopo kwa lazima), ukiiacha nje diski iliyopitwa na wakati zaidi. Ukimaunti ext4 (mfumo wa faili), `ro` (kusoma tu) peke yake haitoshi, jano (kumbukumbu ya mabadiliko yasiyokamilika) bado itachezwa na kuandika: `ro,noload`.

Iliyopitwa kwa kiasi gani? Hapo sina namba ya kukupa. `Events`, namba inayoonekana kwenye `--examine`, huhesabu mabadiliko ya metadata, si ya data, kwa hiyo tofauti ndogo inaweza kuficha saa nyingi za kazi iliyopotea. Natazama `Update Time` (saa metadata ilipoandikwa mwisho), najaribu michanganyiko ya diski juu ya snapshoti, na mara nyingine nabahatisha.

Na kama `--create` umeshaipiga, zima sasa hivi. Cha kuchekesha, tiba yako huenda ikawa `--create` hiyohiyo, ila juu ya snapshoti, na `--assume-clean`, chanki na `--data-offset` za zamani, na neno `missing` mahali pa diski mbovu. Namba hizo tutazitoa wapi? Kapekue `--examine` ya zamani, logi za kerneli, hata barua pepe za mdadm ulizokuwa unazifuta bila kusoma.