Mnyoo wa Kompyuta Hasubiri Ubofye

"Hakuna aliyefungua kiambatisho." Hiyo ndiyo kauli ya kwanza kila mtandao wa ofisi unapovamiwa na mnyoo, na ya pili huwa "Sasa ameingiaje?" Halafu msako unaanza: nani alibofya, nani alichomeka flashi, nani alikuwa anapakua sinema. Mtu mmoja anabebeshwa lawama, kompyuta yake inafomatiwa, na kabla hata hajarudishiwa, mashine ya jirani yake imeanza yaleyale. Mtu ameadhibiwa, tundu bado liko wazi.

"Usipobofya kitu, huwezi kuambukizwa"

Dhana hii ndiyo inayogharimu kuliko zote, na mzizi wake ni kuchanganya virusi na minyoo. Kirusi hujibandika kwenye faili na kungoja mtu alifungue. Mnyoo ni programu kamili inayojitegemea: anatafuta mashine, anaingia, anajinakili, anasonga mbele. Kweli, wapo waliotegemea mkono wa mtu. ILOVEYOU wa Mei 2000 alikuja kama kiambatisho cha barua pepe, na bila wa kukifungua asingefika popote. Watu wakalishika somo hilo moja, wakadhani limemaliza yote.

Kompyuta iliyowashwa na kuunganishwa mtandaoni hailali. Hata ikiwa kwenye skrini ya kuingizia nywila, kiti kitupu, zipo huduma zinazosikiliza kwenye poti zake (milango yenye namba ya kupitishia mawasiliano), zikingoja mashine nyingine iulize kitu. Windows hutumia poti 445 kushirikisha mafaili na printa kwa itifaki (kanuni za mawasiliano) ya SMB, na huduma hiyo inaendeshwa na mfumo wenyewe, kwa mamlaka yanayozidi ya mtumiaji yeyote. Msimbo unaosoma ujumbe unaoingia ukiwa na kasoro, ujumbe uliopindwa kwa makusudi hufurika nje ya nafasi ya kumbukumbu uliyotengewa, na kilichofurika kinaweza kutekelezwa kama amri. Hapo nani abofye nini?

WannaCry alifanya hivyo hasa tarehe 12 Mei 2017. Mashine iliyoambukizwa ilipita anwani za mtandao wake wa ndani moja baada ya nyingine, na wakati huohuo ikabuni anwani za intaneti kwa kubahatisha. Kila anwani ilibishiwa hodi kwenye poti 445. Iliyoitika ilipimwa kama ina tundu la SMBv1, toleo la kwanza na la zamani la SMB. Likipatikana, msimbo ulisukumwa moja kwa moja kwenye kumbukumbu, nakala ya mnyoo ikaandikwa kwenye diski na kusajiliwa kama huduma yenye jina la kujifanya ya usalama ya Microsoft. Mwathirika mpya naye akaanza kubisha hodi kwa wenzake. Kiraka cha tundu hilo, yaani sasisho la Microsoft la kuliziba, MS17-010, kilikuwa kimetolewa tangu 14 Machi mwaka huohuo, karibu miezi miwili kabla.

Ukitaka kumwona mnyoo wa aina hii akiwa kazini, kaa kwenye mashine unayoishuku, fungua dirisha la amri, andika `netstat -ano`. Mashine yenye afya ina miunganisho michache tu ya kutoka kuelekea poti 445, nayo inakwenda kwenye seva ya mafaili. Iliyoambukizwa inamwaga mistari: 10.0.4.17:445, 10.0.4.18:445, 10.0.4.19:445, anwani zikipanda moja moja, nyingi zikiwa na neno SYN_SENT, yaani hodi imebishwa na haijaitikiwa. Namba ya mwisho katika kila mstari ni ya mchakato. Itafute kwenye Task Manager, utaiona programu inayofanya hayo. Ukaguzi huo ni wa dakika mbili, na unamwokoa mtu asiye na hatia.

Kwa hiyo acheni kuuliza nani kabofya, ulizeni ni mashine gani zinasikiliza na nani anaruhusiwa kuzifikia. Kompyuta ya mhasibu haina sababu ya kupokea muunganisho wa poti 445 kutoka kompyuta ya mapokezi. Zote mbili zinahitaji kuifikia seva tu. Fungeni 445 inayoingia kwenye faiawoli ya Windows ya kila kompyuta ya mezani. Zimeni SMBv1 kwa amri ya PowerShell `Set-SmbServerConfiguration -EnableSMB1Protocol $false`. Wekeni viraka. Kitakacholalamika kwanza ni printa ya zamani inayotuma skani kwenye folda ya kompyuta ya mtu. Ielekezeni kwenye folda ya seva, na ikiwa haijui chochote zaidi ya SMBv1, itume kwa barua pepe. Msifungue tena poti ya ofisi nzima kwa ajili ya printa moja.

"Sisi ni wadogo, nani atatuhangaikia?"

Hakuna anayekuhangaikia. Mnyoo hachagui, anabahatisha namba. Slammer, 25 Januari 2003, alijaa ndani ya pakiti (kifurushi cha data) moja ya UDP ya baiti 404 iliyotumwa kwenye poti 1434, ya SQL Server, programu ya hifadhidata ya Microsoft. Kwa kuwa UDP haingoji kuitikiwa, kila mashine ilitapika pakiti kwa kasi yote ya laini yake. Mwanzoni idadi ya walioambukizwa ilikuwa ikiongezeka maradufu kila sekunde 8.5, na ndani ya dakika 10 sehemu kubwa ya mashine zenye udhaifu huo duniani zilikuwa zimeshaingiliwa. Wengi hawakujua hata kama wana SQL Server. Ilikuja imefungashwa ndani ya programu nyingine.

"Tuna faiawoli, na mashine zote zimesasishwa"

Faiawoli ya mlangoni haioni kompyuta mbili zilizo kwenye swichi moja zikisemezana. Conficker, aliyeanza Novemba 2008, aliingia pia kwa flashi na kwa kubahatisha nywila dhaifu.

Kusasisha ni lazima, lakini NotPetya wa 27 Juni 2017 alihitaji mashine moja tu iliyosahauliwa. Akishaingia alichomoa nywila za wasimamizi zilizobaki kwenye kumbukumbu, kisha akapita kwa PsExec na WMI, zana halali za usimamizi, hadi kwenye mashine zilizowekewa viraka vyote. Kiraka hakizuii ufunguo halali. Kila kompyuta iwe na nywila yake ya msimamizi (LAPS, zana ya Microsoft, inafanya hivyo yenyewe), na akaunti ya msimamizi wa domeini, yaani wa kompyuta zote za ofisi kwa pamoja, isiingie kamwe kwenye kompyuta ya mezani, hata kwa dakika tano za kurekebisha printa.

"Zima, washa, imekwisha"

Nusu yake ni kweli, ndiyo maana inadanganya. Code Red wa 2001, Slammer, na Mirai wa 2016 waliishi kwenye kumbukumbu tu, hivyo kuwasha upya kuliwafuta. Mirai aliingia kwenye kamera na ruta kupitia Telnet, njia ya zamani ya kuingia kwenye kifaa kutoka mbali, kwa orodha fupi ya nywila za kiwandani. Ukiwasha upya kamera ambayo nywila yake bado ni ya kiwandani, anarudi, mara nyingi baada ya dakika chache.

Kufomati nako kuna mtego wake. Enzi za Blaster, Agosti 2003, watu walisakinisha Windows upya, wakachomeka waya ili wapakue kiraka, na mashine ikaambukizwa kabla kiraka hakijamaliza kushuka. Utaratibu haujabadilika: chomoa waya wa mtandao na zima Wi-Fi, safisha au fomati, leta viraka kwa flashi iliyoandaliwa kwenye mashine safi, badilisha nywila, funga poti, na waya urudi mwisho kabisa. Dakika kumi baada ya kuurudisha, endesha `netstat -ano` tena.