Kabla ya Kuumba Palikuwa na Nini?

Kuna kauli haikosekani kwenye mjadala wowote wa dini: kwamba simulizi za uumbaji ni zile zile dunia nzima, yametofautiana majina tu. Hapo mwanzo hapakuwa na kitu, mungu wa mahali pale akanena, vitu vikatokea. Mmoja husema hivyo ili kuonyesha kwamba dini zote ni za kweli, mwingine husema hivyo hivyo ili kuonyesha kwamba zote zimeibiana. Wote wawili wamesoma muhtasari.

Kisasili cha uumbaji ni simulizi ambayo jamii huitumia, kwa uzito wote, kueleza ulimwengu, watu na desturi zao vilianzaje. Kukiita kisasili si kukiita uongo. Hilo mwanafunzi yeyote wa fasihi simulizi analijua. Waumini wasiopenda jina hilo litumike kwa vitabu vyao wana haki yao, kwa hiyo nitasema "simulizi" na tuendelee. Kinachonikera ni jambo jingine: kuumba pasipo kitu kuchukuliwa kama ndio mwanzo wa kawaida wa simulizi hizi, ilhali ni fundisho mahususi, lenye historia yake na wabishi wake.

Chukua Mwanzo 1, sura ambayo watu huitaja kwa kichwa bila kuifungua. Mstari wa 2 unasema "giza lilikuwa juu ya uso wa vilindi vya maji". Maji hayo yapo tayari. Siku ya kwanza inakuja nuru, siku ya pili linawekwa anga katikati ya maji, siku ya tatu maji ya chini yanakusanywa ndipo nchi kavu inaonekana. Hakuna siku ambayo maji yanaumbwa. Rashi, mfafanuzi wa Kiyahudi aliyeishi Ufaransa katika karne ya 11, aliliona hilo, akasema mstari wa kwanza haukukusudia kutupa mpangilio wa kipi kilitangulia, maana maji yanatajwa kabla hatujaambiwa yaliumbwa lini. Na Rashi hakuwa mpinga dini. Maelezo yake yanachapishwa pembeni mwa Torati hadi leo.

Kauli iliyo wazi zaidi kuhusu kuumba pasipo kitu inakuja kwingine, katika Kitabu cha Pili cha Wamakabayo 7:28, na anayeitoa si mwanafalsafa. Ni mama anayemsihi mwanawe wa mwisho akubali kufa kuliko kuikana dini yake, akimwambia atazame mbingu na nchi ajue kwamba Mungu hakuvifanya kwa vitu vilivyokuwapo. Hoja yake ni ya ufufuo: aliyeanzisha bila kitu hashindwi kurudisha uhai. Katika karne ya 2 BK, Theofilo, askofu wa Antiokia, aliishika hoja hiyo dhidi ya wafuasi wa Plato, waliosema Mungu alipanga maada iliyokuwapo tangu milele. Akauliza, kama maada nayo haina mwanzo, si itakuwa sawa na Mungu? Mtaguso wa Laterano wa 1215, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa Katoliki, ukaja kulitamka fundisho hilo rasmi. Sisemi kwamba fundisho ni kosa. Nasema liliamuliwa baada ya kubishaniwa, na haifai kulirudisha nyuma kwa kila mzee aliyewahi kusimulia habari za mwanzo wa dunia.

Kwa Waislamu mambo hayako mbali sana. Kila mtu anakumbuka "Kuwa, nalo likawa" (Kurani 2:117). Wachache wanakumbuka kwamba 21:30 inazungumzia mbingu na ardhi zilizokuwa zimeambatana kisha zikatenganishwa, na 41:11 inaitaja mbingu ikiwa moshi. Mwanateolojia al-Ghazali, mwaka 1095, aliwashambulia wanafalsafa waliodai ulimwengu hauna mwanzo, akaihesabu hoja hiyo kuwa ukafiri. Mwanafalsafa Ibn Rushd alimjibu katika karne iliyofuata kwa kutumia aya zenyewe: 11:7 inasema Arshi, yaani kiti cha enzi cha Mungu, ilikuwa juu ya maji kabla ya mbingu na ardhi, kwa hiyo andiko halisemi kwa dhahiri kwamba palikuwa patupu kabisa. Wanateolojia wengi walibaki upande wa al-Ghazali. Ila ugomvi ulikuwapo, na uliendeshwa na watu waliohifadhi Kurani kifuani.

Sasa nenda Babeli. Vipande vya vibao vya *Enuma Elish*, simulizi ya Wababeli ya uumbaji, vilifukuliwa Ninawi, na mtaalamu Mwingereza George Smith alipovitangaza mwaka 1876 vilipewa jina la "Mwanzo ya Wakaldayo", jina ambalo limeharibu usomaji wake tangu siku ile. Simulizi inaanza na maji mawili yaliyochanganyika, Apsu wa maji baridi na Tiamat wa maji ya chumvi. Miungu wanazaliwa humo, wanapiga kelele, vita vinazuka. Marduk, mungu wa Babeli, anamuua Tiamat na kumpasua vipande viwili kama samaki wa kukaushwa, nusu moja anaiinua iwe mbingu. Watu wanatengenezwa kwa damu ya Kingu, kiongozi wa jeshi lililoshindwa, ili wabebe kazi na miungu wapumzike. Hakuna aliyeuliza maada ilitoka wapi. Swali lao lilikuwa kwa nini Marduk ndiye mfalme na kwa nini Babeli ndiyo mji wake, na ndiyo maana kuhani aliisoma simulizi hiyo kwenye sikukuu ya mwaka mpya.

Hata zinapofanana kweli, kufanana kwenyewe kunahitaji jicho. Wamisri wa kale na Wamaori, wenyeji wa New Zealand, wote wanasimulia mbingu na ardhi zilizokumbatiana mpaka zikatenganishwa kwa nguvu. Kwa Wamaori mbingu ni baba, Rangi, na ardhi ni mama, Papa. Mtoto wao Tane anawasukuma kwa miguu huku amelala chali. Kwa Wamisri ni kinyume: ardhi ni mwanamume, Geb, mbingu ni mwanamke, Nut, na anayewatenganisha ni Shu, baba yao. Anayesema "ni ile ile" ameshapoteza nusu ya habari, na anayesema "waliibiana" ana bahari kadhaa za kuvuka. Halafu kuna utenzi wa 10.129 wa Rigveda, kitabu kitakatifu cha kale cha Wahindu, ambao haukubali hata kusema kwamba mwanzoni hapakuwa na kitu: hapakuwa na kuwapo wala kutokuwapo. Unaishia kwa kusema anayeutazama ulimwengu kutoka juu huenda anajua ulivyotokea, au labda hata yeye hajui. Jaribu kuuweka huo kwenye jedwali la "mungu gani aliumba nini".

Jedwali la namna hiyo liliwahi kuumiza watu wenye nia njema kabisa. Wazulu walisimulia kwamba Unkulunkulu alitokea kwenye matete, na watu wakatoka humo. Wamisionari wa karne ya 19, wakitafuta jina la Mungu, walimkuta wakagawanyika. Askofu Colenso, Mwanglikana wa Natal, aliona anafaa. Mmisionari mwenzake Henry Callaway, aliyechapisha maneno ya wasimulizi wenyewe kati ya 1868 na 1870, aliwasikia wengi wakimzungumzia kama mhenga wa kwanza, mtu wa kale mno, ambaye hata ibada hapewi kwa sababu hakuna ukoo unaojua tena sifa zake. Upande wa Colenso ndio ulioshinda: Biblia ya Kizulu leo inamwita Mungu UNkulunkulu. Kwa hiyo ukilinganisha sasa utakuta "Wazulu nao wana Muumba", na hutaona kwamba ulinganisho wenyewe ndio uliomweka pale.

Mwingine wa namna hiyo ni Kintu, ambaye hakosekani kwenye orodha za "visasili vya uumbaji vya Afrika". Katika simulizi inayojulikana zaidi ya Baganda, Kintu yupo duniani na ng'ombe wake mmoja. Nchi ipo, mbingu ipo, Ggulu, bwana wa mbinguni, yuko huko na watoto wake. Kintu anamwoa Nambi, binti wa Ggulu, wanaambiwa waondoke upesi wasirudi nyuma, Nambi anarudi kuchukua mtama wa kuku, na kaka yake Walumbe, yaani kifo, anawafuata. Anayemwita Kintu Adamu wa Baganda hajakosea kwa kusema ni mtu wa kwanza, wala kwa kuona kwamba kifo kinaingia kwa agizo lililovunjwa. Ila Adamu tunaambiwa aliumbwa kwa mavumbi. Kintu hatuambiwi aliumbwaje, kwa sababu simulizi yake inaanza baada ya hapo.