Mcheza Kwao Hutunzwa? Dhana Potofu Kuhusu Wanaorudi Saturday Night Live

Mcheza kwao hutunzwa, na pengine ndiyo maana wengi hudhani kwamba mwigizaji wa zamani wa Saturday Night Live, kipindi cha vichekesho kinachorushwa moja kwa moja na NBC, kituo cha televisheni cha Marekani, kutoka New York tangu tarehe 11 Oktoba 1975, anapoalikwa kukiendesha huwa anarudi nyumbani kutunzwa. Ukweli ni kwamba baadhi ya waliorudi walikuwa wamefukuzwa, au waliondoka na kuacha kinyongo nyuma yao.

Wa kwanza kurudi alikuwa Chevy Chase, aliyeondoka mwaka 1976. Jioni ya tarehe 18 Februari 1978, muda mfupi kabla ya kipindi kuanza, alipigana nyuma ya jukwaa na Bill Murray, ambaye ndiye aliyeletwa kujaza nafasi yake. Kwa upande wake Norm Macdonald aliondolewa kwenye meza ya habari za mzaha mapema mwaka 1998, kwa sababu mkubwa mmoja wa NBC hakuona anachekesha. Oktoba 1999 akaalikwa kuwa mwendeshaji, naye akawauliza watazamaji imekuwaje mtu asiyechekesha kiasi cha kuruhusiwa kuingia katika jengo lile ageuke, katika muda wa mwaka mmoja na nusu, kuwa mcheshi wa kupewa kipindi kizima. Jibu alilolitoa mwenyewe ni kwamba yeye hakubadilika hata kidogo, bali kipindi ndicho kilichoharibika. Kwangu mimi, hakuna aliyerudi kwa ujasiri zaidi ya huo. Adam Sandler naye, aliyeachishwa mwaka 1995, alisubiri hadi Mei 2019, akaimba wimbo kuhusu kufukuzwa kwake katika salamu za ufunguzi.

Wapo wanaoamini kwamba Eddie Murphy alirudi kukiendesha kwa mara ya kwanza Desemba 2019. Alikuwa amekwisha kukiendesha Desemba 1984, miezi michache tu baada ya kuondoka. Na kabla ya hapo, Desemba 1982, akiwa bado mwigizaji wa kudumu, alishika nafasi ya mwigizaji wa filamu Nick Nolte, mwendeshaji wa usiku ule, aliyekuwa mgonjwa. Kilichokuwa kirefu ni ukimya wa miaka 35 uliofuata mwaliko ule wa 1984, na ambao Murphy mwenyewe ameuhusisha na mzaha uliotolewa humo humo katika miaka ya 1990, wa kumfananisha na nyota inayoanguka. Aliporudi alitwaa Emmy, tuzo ya televisheni ya Marekani, ya mwigizaji mgeni, mwaka 2020.

Kuna pia kuchanganya watu. Steve Martin na Alec Baldwin, ambaye amekiendesha kipindi mara 17, hawakuwahi kuwa katika kundi la kudumu, na John Mulaney alikuwa mwandishi wa kipindi tu. Kinyume chake, Robert Downey Jr. na Ben Stiller walikuwamo kwa muda mfupi, jambo ambalo watu huwa hawalikumbuki. Julia Louis-Dreyfus alikuwamo pia, naye ndiye mwanamke wa kwanza wa kundi hilo kurudi kuwa mwendeshaji, mwaka 2006, kipindi kikiwa kimetimiza miongo mitatu.

Dhana ya mwisho ni kwamba mwendeshaji ni mshereheshaji tu, husalimu na kukaribisha wanamuziki. Mwendeshaji huigiza karibu usiku mzima, baada ya juma linaloanza Jumatatu kwa kikao cha mawazo, likafuatiwa na usiku wa kuandika Jumanne na usomaji wa maigizo kadhaa Jumatano, hadi mazoezi ya mwisho mbele ya watazamaji Jumamosi jioni; igizo lisilochekesha hapo huondolewa, na saa tano na nusu usiku kipindi kinakwenda hewani. Kwa kuwa maneno hubadilishwa hadi dakika za mwisho, husomwa kwenye kadi kubwa zilizoandikwa kwa mkono, wala uzoefu hauwi kinga. Bill Hader, mwigizaji mwingine wa zamani aliyerudi mwaka 2014 pamoja na mhusika wake wa kuchekesha, Stefon, alikuwa akishindwa kuzuia kicheko enzi zake kwa sababu Mulaney alibadilisha mizaha kwa siri, yeye akaisoma kwa mara ya kwanza mbele ya kamera.