Kabla ya kuuza nje ya nchi, jua mteja wako hulipaje

Mfanyabiashara wa Nairobi anayetaka kuuza nje hunijia akiwa ameshapanga bei, matangazo na usafirishaji. Malipo huyaacha mwisho: "Weka Visa na Mastercard, si dunia nzima wanazitumia?" Kazi yangu ni kuunganisha maduka ya mtandaoni na mifumo ya malipo, na hapo ndipo ninapoona mauzo mengi yakipotea. Mteja amejaza kikapu, amefika kwenye ukurasa wa kulipa, haoni njia anayoiamini, anaondoka kimya.

Tazama Ulaya. Mholanzi amezoea iDEAL tangu 2005: anathibitisha malipo kupitia benki yake na pesa zinatoka moja kwa moja kwenye akaunti. Jirani yake Mjerumani mara nyingi hupenda kupokea mzigo kwanza, kisha alipe ankara. Mpolandi hufungua programu ya benki, akapata namba 6 za BLIK, mfumo wa malipo wa kwao, akaziandika kwenye ukurasa wa kulipa. Anayeniambia "tunaingia Ulaya" namuuliza nchi ipi.

Karibu na kwetu mambo hayana urahisi zaidi. Congo, watu huweka dola na faranga kwenye simu ileile. Duka likidai faranga wakati pesa za mteja ziko upande wa dola, malipo hukwama ilhali pesa anazo. Mpe nafasi ya kuchagua sarafu kabla hujatuma ombi la namba ya siri kwenye simu yake.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni senti. Malango mengi ya malipo, yaani mifumo inayopokea pesa za mteja kwa niaba ya duka, hupokea kiasi kwa kipimo kidogo kabisa cha sarafu. Shilingi 500 za Kenya hutumwa kama 50000. Faranga ya Rwanda haina senti kwenye mifumo hii, kwa hiyo fundi akinakili hesabu ya Kenya, bidhaa ya faranga 15,000 itadaiwa 1,500,000. Kuelekea Ghuba, kosa linageuka upande wa pili. Rial ya Oman ina baisa 1,000, na dinari ya Kuwait ina fils 1,000. Zidisha dinari 12.5 kwa 100 na utakuwa umemuuzia mtu kwa dinari 1.25. Hakuna taa nyekundu itakayowaka. Mfumo utapokea malipo na kuandika yamefaulu. Hesabu ya kuzidisha ifuate sarafu yenyewe, na kila sarafu ijaribiwe kwa malipo halisi ya kiasi kidogo.

Ada za kubadilisha fedha nazo zisomwe mapema, hasa kama lango lako hubadilisha sarafu kabla ya kukulipa.

Halafu kuna pesa zinazorudi. Ukikata pesa kutoka akaunti za benki za wateja Ulaya kwa utaratibu wa SEPA, mfumo wa malipo ya yuro kati ya benki za huko, mteja ana wiki 8 za kudai arudishiwe bila kutoa sababu. Kwa mwenye duka dogo aliyeshalipia usafirishaji, hilo ni pigo zito, ndiyo maana kwa bidhaa ghali sipendekezi njia hiyo kwa mteja mpya. Na wewe ukitakiwa kurudisha, rudisha kwa njia ileile mteja aliyolipia. Ijaribu njia hiyo kabla duka halijafunguliwa.