Mzio wa iodini: kamba hana kosa

"Dawa ya rangi" ni maji yenye iodini yanayopigwa ndani ya mishipa ya moyo ili ionekane kwenye eksirei. Daktari hupitisha mrija mwembamba kupitia kifundo cha mkono au kinena hadi moyoni, akaisukuma dawa, na mahali mshipa ulipobana akapaona. Ikibidi hupatanua kwa puto na kuacha hapo stenti, kijibomba cha wavu wa chuma. Maana ni hiyo. Kinachonikera ni "mzio wa iodini", eti anayedhurika na kamba wa baharini asipigwe dawa hii, ambao nimeusikia tena juzi barazani, Mji wa Kale, kutoka kwa ami yangu.

Tuanze na hiyo rangi, maana dawa yenyewe haina rangi. Ndani ya sindano ni maji meupe, mazito kidogo kama shira. Iodini ndiyo inayozuia miale ya eksirei isipite, na mishipa ikajichora kwenye skrini myeusi kama mizizi ya mkoko. Lakini jina la iodini, hilo lina rangi. Bernard Courtois, Mfaransa, aliipata mwaka 1811 katika majivu ya mwani, akaona mvuke wa zambarau ukipanda; ikaitwa kwa neno la Kigiriki la rangi ya urujuani. (Watanzania huiita madini joto, jina ambalo halina rangi wala mwani.) Nashuku uzushi wote umetoka kwenye mwani huo: iodini ya baharini, kamba wa baharini, basi avimbaye midomo kwa kamba iodini itamuua.

Sivyo. Anayedhurika na kamba, mwili wake unagombana na protini ya nyama ya kamba, tropomiosini. Iodini haimo katika ugomvi huo. Tena iodini tunaihitaji, tezi ya shingo haifanyi kazi bila hiyo, na chumvi ya mezani Kenya hutiwa iodini kwa sheria. Ami, ambaye faili lake liliandikwa MZIO WA IODINI kwa wino mwekundu eti kwa sababu ya kamba, kila jioni alikuwa akila viazi karai na chumvi yake juu. Kwa maneno hayo matatu kipimo chake cha moyo kimeahirishwa wiki tatu, naye kifua kikimbana kila apandapo ngazi.

Sisemi kwamba dawa haina madhara. Wapo wanaotoka vipele, na wachache hubanwa pumzi. Hao wanadhurika na dawa yenyewe jinsi ilivyoundwa, na aliyewahi kupatwa na hayo ndiye wa kuchungwa zaidi. Joto linalosambaa mwilini, ladha ya chuma mdomoni, hata kuhisi kama umejikojolea, si mzio, ni mambo ya dakika moja yakapita. La kuuliza kweli ni figo. Mwenye figo dhaifu, hasa akiwa na kisukari, kriatinini yake, taka ya damuni inayoonyesha figo zinavyochuja, yaweza kupanda siku mbili tatu baada ya kipimo, ndiyo maana damu hupimwa kwanza na maji hayasahauliwi. Barazani figo hazitajwi hata kwa bahati mbaya.

Na wale wasemao "mwili umeikataa stenti", hadithi yao ni jamaa ya hiyo hiyo. Stenti haikataliwi kama figo ya kupandikizwa. Huziba kwa damu kuganda ndani yake, ghafla, na kuacha vidonge vya kuzuia damu kuganda kabla ya wakati ni sababu kubwa. Au nyama huota ndani yake polepole kwa miezi.

Basi Ami, wakikuuliza tena una mzio wa nini, sema: "Kamba hunivimbisha midomo." Waandike hivyo hivyo, kamba na midomo, na hiyo iodini usiitaje. Wakitaka kujua zaidi, waambie dawa ya rangi hujawahi kupigwa, kwa hiyo haijapata nafasi ya kukudhuru.