Muhuri wa mpakani si kibali cha kuuza

Kijana wa Kikenya aliweka mezani pangu kitambulisho chake na karatasi iliyogongwa muhuri Busia. Ilikuwa imekunjwa mara nne na kulowa jasho. "Hapa wameandika miezi sita," akanionyesha kwa kidole. Muda huo alikuwa akitembeza mikanda na miwani ya jua karibu na Old Taxi Park, Kampala, mpaka askari wa jiji walipomkamata pamoja na wachuuzi wenyeji. Wenzake waliulizwa leseni tu. Yeye, alipojibu kwa Kiswahili cha Nairobi, akaongezewa swali la pili: kibali cha kazi kiko wapi?

Kwenye dawati letu la msaada wa kisheria, kesi nyingi za aina hii huanza hivyo. Mtu hukamatwa kwa kosa la jiji, la uhamiaji likafuata nyuma. Waganda huwaita wachuuzi hawa abatembeeyi, neno lenye harufu ya Kiswahili chetu cha kutembea, na tangu operesheni ya Januari 2022 ya kuwaondoa barabarani, wanajua kukimbia. Mgeni hajui vichochoro.

Muhuri ule ni wa matembezi. Tangu 2014, raia wa Kenya, Rwanda na Uganda wanavuka mipaka kwa kitambulisho cha taifa, na urahisi huo umewafanya wengi waamini kwamba kuvuka na kuchuma ni kitu kimoja. Ni kweli kwamba Itifaki ya Soko la Pamoja ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, inampa raia wa Jumuiya haki ya kuajiriwa au kujiajiri nchi jirani. Lakini haki hiyo hupitia kwenye sheria za kila nchi, na sheria ya uhamiaji ya Uganda inadai kibali.

Linalowaponza watu ni neno "bure". Uganda haiwatozi Wakenya na Wanyarwanda ada ya kibali cha kazi. Basi mtu akisikia bure, anaelewa kwamba hakihitajiki. Ada ndiyo iliyofutwa, kibali kipo palepale, na huombwa kwa njia ya mtandao kwa Kurugenzi ya Uraia na Uhamiaji.

Niseme pia lile ambalo mabroka hawasemi: ombi la kibali cha biashara linamfaa mwenye duka na anwani. Anayebeba mali begani ataandika anwani gani? Na hata akikipata, kuuza kando ya barabara bila leseni ni kosa kwa Mganda na kwa mgeni vilevile. Kwa hiyo nilimshauri kijana yule atafute kwanza meza ndani ya soko, hata ya kuchangia na mwenzake, na leseni yake, ndipo aombe kibali. Akaniuliza kama akiuza usiku itakuwa sawa. Nikamwambia usiku pia ni Uganda.

Mkimbizi ana njia yake. Mama wa Kikongo anayeuza vitenge Nsambya, akiwa amesajiliwa na Ofisi ya Waziri Mkuu, analindwa na Sheria ya Wakimbizi ya 2006, inayompa haki ya kufanya kazi na biashara. Kadi yake ya ukimbizi atembee nayo. Leseni ya jiji, hata hivyo, haimo ndani ya kadi hiyo.

Kuhusu pesa: malipo ya serikali hufanywa benki au kwa simu, kwa namba ya malipo inayotolewa na mfumo wa mamlaka ya mapato, ambayo watu huiita PRN. Anayetaka noti mkononi "akusukumie faili" anakuuzia hewa.

Ukikamatwa, usikimbie wala usitoe kitu chini ya meza. Katiba ya Uganda, ibara ya 23, haimlindi raia peke yake: unatakiwa kuambiwa sababu ya kukamatwa kwa lugha unayoielewa, kuruhusiwa wakili, na kufikishwa mahakamani ndani ya saa 48. Huko mahakamani mkalimani halipiwi na wewe. Kijana wetu alikuwa ameshatia sahihi maelezo yaliyoandikwa kwa Kiingereza, na alipokuja kwetu ndipo aliposomewa kilichomo.