Helikopta ya uokoaji ikija juu ya chombo, waya usiufunge

Usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, MV Spice Islander I ilipozama baina ya Unguja na Pemba, wengi walionusurika walitolewa majini na boti za wavuvi na za hoteli za Nungwi. Ndivyo bahari yetu ilivyo: msaada wa mwanzo huwa boti, ya jirani au ya KMKM, kikosi cha Zanzibar cha kulinda bahari. Helikopta huja mara chache. Kwa hivyo nahodha aliyezoea kupokea kamba ya kuvutwa, akishushiwa waya kutoka juu, mkono wake humtuma afanye lile lile analolijua: aufunge. Hakuna kosa kubwa kuliko hilo.

Waya huo una unene wa karibu milimita 5, na winchi nyingi za uokoaji, yaani mashine za kuushusha na kuupandisha, zinaruhusiwa kubeba kiasi cha kilo 270 tu. Ukifungwa kwenye mlingoti, kisha wimbi likakishusha chombo mita mbili, waya hukaza ghafla na helikopta huvutwa chini. Mhudumu wa winchi hapo hana hiari, ataukata. Kifaa cha kuukatia kimewekwa kwa ajili hiyo hiyo. Waliobaki chini wamekosa njia ya kupandia. Waya ukijizungusha kwenye mguu wa baharia au ukanasa kwenye nyavu, hatari ni ile ile, na ndiyo maana ulegevu wake usiachwe ukazagaa juu ya sitaha.

Kazi ya chombo huanza mapema. Ukiita kwenye redio ya VHF, chaneli 16, sema mahali ulipo kwa GPS. Kama huna, taja umbali na upande kutoka sehemu inayojulikana, mfano maili nne mashariki ya Ras Nungwi. Sema mko wangapi na chombo kina rangi gani. Boti nyeupe ya faiba wakati wa kusi, bahari imejaa povu, haionekani kirahisi kutoka angani. Turubai la rangi ya chungwa lililotandazwa, kioo cha kumulikia jua au moshi wa chungwa husaidia sana, na moshi humwonesha rubani upepo unakotoka. Fataki ya mwavuli, ile ya ishara inayopaa kisha ikashuka polepole, usiirushe kabisa helikopta ikiwa karibu. Usiku, usimmulike rubani kwa tochi. Mulika sitaha yako.

Helikopta ikishakuoneni, turubai lile lile lililokuokoeni linageuka adui. Upepo unaoshuka kutoka kwenye mapanga ya helikopta kubwa unaweza kupita kilomita 100 kwa saa. Turubai, ndoo tupu, gunia, kofia, mtandio, chochote chepesi kinaweza kurushwa juu kikaingia kwenye mapanga au kwenye mashine. Kunja, funga, tia chini. Tanga lituliwe na likazwe pamoja na foromali yake, ile boriti inayolibeba, na antena zinazolazika zilazwe. Mwenye kanga aikunje aitie ndani ya jaketi la kuokolea. Buibui lifungwe kiunoni kwa kamba. Majaketi yavaliwe na watu wote, hata walio ndani.

Helikopta nyingi zina winchi upande wa kulia, na rubani anayeitazama kazi naye hukaa kulia. Kwa hivyo hupendelea kuja kwa nyuma, ikasimama upande wa kushoto wa chombo. Mashine ikiwa bado inafanya kazi, shika mwelekeo mmoja na mwendo usiobadilika, upepo ukija kutoka omo, yaani mbele, upande wa kushoto, kiasi cha nyuzi 30. Usigeuze chombo kuifuata helikopta. Yenyewe ndiyo itakayokufuata. Maelekezo ya rubani kwenye redio yakiwa tofauti na haya, fuata ya rubani. Kelele zikianza hamtasikilizana, basi mgawane kazi kabla.

Jahazi lenye mlingoti mrefu lina shida yake, kwani waya unaopepea hunasa juu. Mara nyingi watu huambiwa wahamie kwenye mtumbwi au chelezo cha kuokolea kinachoelea nyuma kwa kamba ndefu, wakavutwa kutoka huko.

Wakati mwingine hushushwa kwanza kamba nyembamba yenye uzito mwishoni. Hiyo ivute taratibu, huku mwenzako akiikusanya ndani ya ndoo. Nayo haifungwi. Ndoana ya waya ikifuata, usiidake hewani: helikopta inapoelea hukusanya umeme tuli, nao hupita kwa mtu wa kwanza kuigusa. Mshtuko wake unaweza kukuangusha baharini. Iache iguse maji au chuma kwanza, ndipo uishike.

Kitanzi cha kuokolea hupitishwa kichwani, kikakaa mgongoni na chini ya makwapa, kibano chake kikivutwa hadi kifuani. Kisha mikono ishushwe. Abiria mwenye hofu huinua mikono kuushika waya, na kitanzi humtoka kama fulana. Ndivyo watu wanavyoanguka. Ukifika mlangoni usijivute mwenyewe, wahudumu watakugeuza na kukuingiza. Mtoto hapandi amefungwa kifuani kwa mamaye; husubiri kapu la kuokolea au mwokoaji ashuke. Mizigo inabaki.

Aliyekaa majini saa nyingi, hata katika maji yetu ya vuguvugu, asiinuliwe wima kama kuna njia nyingine. Maji yalikuwa yakimbana miguu. Akitolewa ghafla, damu hushuka miguuni na anaweza kuzimia au kufa dakika ile ile aliyookolewa. Kapu, au vitanzi viwili, kimoja kifuani na kingine chini ya magoti, humlaza.

Helikopta ikiamua kutua ufukweni, shida inakuwa watu. Chopa hapa kwetu huvuta umati, na watoto huwa mbele. Wazuiwe mita 50 angalau, migongo ikielekea mchanga unaoruka. Hakuna kusogea mapanga yanapoanza au yanapopunguza mzunguko, kwani ndipo ncha zake hulegea na kushuka hadi usawa wa kichwa. Mchukua machela aingie kwa mbele au ubavuni, rubani akimwona na ameshamwashiria, ameinama. Panga la mkiani likizunguka halionekani, na huko hakupitwi hata kwa kumkimbilia mgonjwa.